Kidonda, Ufa au Mwanya? Uhakiki wa Tafsiri ya Istilahi za Uashi kutoka Kihispania

Utangulizi

Mijadala ya istilahi katika idara za Kiswahili mara nyingi huhusu isimu, fasihi, sheria, kompyuta na tiba. Ni nadra kumwona mwalimu akisimama mbele ya darasa la tafsiri kujadili udongo unaokaa kati ya tofali na tofali. Hali hii inashangaza, kwa sababu mwanafunzi anayetoka Ajia, Vurra au Koboko amekulia mahali ambapo tanuri la matofali ni jambo la kila kiangazi, na si wachache waliolipiwa karo kwa fedha za matofali hayohayo. Mwanafunzi huyo anaweza kueleza kwa Kiswahili fasaha tofauti ya kiima na kiarifu, lakini akiombwa aeleze jinsi ukuta wa nyumba ya kwao ulivyojengwa, Kiswahili kinamwishia baada ya maneno matatu: tofali, saruji na ukuta.

Makala haya yanahakiki zoezi la tafsiri lililofanywa na wanafunzi wetu wa mwaka wa pili, wengi wao wakitoka Arua na Koboko. Zoezi lilihusu istilahi 12 za Kihispania za uashi, hasa zile zinazotaja maungio ya ukuta na kazi ya kuyafanyia ukarabati. Wanafunzi hawajui Kihispania. Tuliwapa fasili ya kila istilahi kwa Kiswahili, pamoja na maana ya neno hilo katika mazungumzo ya kawaida ya Wahispania. Kisha tuliwataka wapendekeze neno moja la Kiswahili, walitetee, na kabla ya kulitetea wakaliulize kwa fundi.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini Kihispania, na si Kiingereza? Tunazo sababu mbili. Kwanza, istilahi ya Kiingereza mwanafunzi wa Uganda huwa ameshaisikia mahali pa ujenzi. Anapokutana nayo darasani huitohoa upesi kabla hajafikiri, na papo hapo tunapata mota, pointi na joini. Istilahi ya Kihispania haimpi njia hiyo ya mkato. Inamlazimu arudi kwenye kitu chenyewe, akitazame, ndipo akipe jina. Pili, nchi zinazosema Kihispania zina elimu kubwa ya ujenzi wa udongo na matofali. Nchini Peru, baada ya tetemeko la Ancash la tarehe 31 Mei 1970, wahandisi wa Pontificia Universidad Católica del Perú walifanya utafiti wa miaka mingi kuhusu uimara wa nyumba za matofali ya udongo. Elimu hiyo si ya mbali nasi. West Nile nayo imo katika Bonde la Ufa, na tetemeko la tarehe 20 Mei 1990, lenye ukubwa uliozidi 7, lilikuwa na kitovu chake kusini mwa Sudan, eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, jirani kabisa na mpaka wetu. Elimu ya namna hiyo ikitafsiriwa siku moja, itahitaji istilahi.

Katika uhakiki wetu tumeongozwa na vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kibuuka Kiingi wa hapa Uganda, ambavyo wanafunzi wa istilahi wa Afrika Mashariki wanavifahamu: usahihi, uwekevu, uzalishi, ukimataifa, uangavu, kuepuka matusi, utaratibu, uthabiti na kukubalika. Hatutavipitia kimoja kimoja. Tutavitaja pale vinapotusaidia kuamua.

Kinu ukutani

Istilahi ya kwanza ilikuwa mortero. Katika Kihispania neno hili lina maana tatu: kinu cha kutwangia, mzinga mfupi wa kivita, na mchanganyiko laini wa mchanga, maji na kishikizi unaounganisha matofali au mawe. Asili yake ni neno la Kilatini lililotaja chombo cha kutwangia na kuchanganyia. Jina la chombo likahamia kwa kilichomo ndani yake. Wanafunzi wawili waliandika kinu, wakisema kwamba Kiswahili nacho kinaweza kupanua maana kwa njia hiyo. Hoja yao ina mantiki lakini tafsiri haifai. Upanuzi wa maana hufuata maisha ya watu wenye lugha. Mwashi wetu hachanganyi kwenye kinu. Huchanganya chini au katika karai. Kama Kiswahili kingetaka kufuata mkondo wa Kilatini, kingesema karai, si kinu.

Walio wengi waliandika saruji. Kosa hili ni zito zaidi kwa sababu halionekani kuwa kosa. Saruji ni kiambato, na mortero ni mchanganyiko. Mchanganyiko huo unaweza kuwa na saruji, au chokaa, au udongo mtupu, na bado ukabaki mortero. Anayetafsiri neno la jumla kwa jina la kiambato kimoja amekwisha kumwamulia fundi anunue nini dukani. Tutarudi kwenye jambo hili, maana hapa ndipo tafsiri inapoweza kubomoa nyumba.

Wengine waliandika mota, na wengine udongo. Neno udongo lina nguvu: ndilo fundi mwingi analoita akitaka kuletewa karai, hata kama ndani yake kuna mchanga na saruji. Tatizo lake ni kwamba katika mwongozo ulioandikwa halitofautishi udongo wa kichuguu na mchanganyiko wa mchanga na chokaa. Kwa hiyo tunaunga mkono mota kwa maandishi ya kiufundi, na kuacha udongo liendelee kufanya kazi mdomoni. Kukopa si dhambi pale neno lililokopwa limekwisha kukubalika kwa mafundi na halina mshindani anayelizidi kwa usahihi.

Mortero bastardo iliwachekesha wengi. Kwa neno kwa neno ni mota ya mwana wa haramu, na Wahispania hulitumia bila aibu kutaja mota yenye saruji na chokaa kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja alitafsiri mota haramu. Msomaji wa mwongozo akikuta maneno hayo ataelewa kwamba mota hiyo imekatazwa, ilhali kwa matofali laini mara nyingi ndiyo inayopendekezwa. Pendekezo lililotufurahisha zaidi lilikuwa mota chotara. Linabeba wazo lilelile la wazazi wawili tofauti, bila kuhukumu.

Kidonda, ufa au mwanya

Tukija kwenye maungio yenyewe, Kihispania kina neno la jumla, junta, ambalo pia humaanisha baraza, na ndilo lililoingia katika lugha nyingi kutaja utawala wa wanajeshi. Wanafunzi walipendekeza kiungo, muungano na ungio. Muungano limebeba siasa kupita kiasi. Kiungo ni neno zuri, lakini limeshughulishwa mno: kuna kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi na kiungo wa timu ya mpira. Tunachagua ungio, wingi maungio, kwa sababu ni jepesi na limetulia.

Chini ya junta kuna aina mbili. Tendel ni tabaka la mota linalolala juu ya safu moja ya matofali ili kupokea safu inayofuata. Neno hilohilo hutaja kamba inayovutwa ili safu inyooke, na humkumbusha Mhispania kitenzi tender, yaani kutandaza. Hapa Kiswahili kilijibu mara moja, na kwa namna ya kupendeza. Wanafunzi kadhaa, bila kuulizana, waliandika tandiko. Fundi hutandika mota kama mtu anavyotandika kitanda, kisha tofali hulala. Wapo waliopinga wakisema tandiko ni la punda. Hatuoni tatizo. Hakuna mwashi atakayesoma tandiko la mota akatafuta punda.

Ugumu ulikuwa katika llaga, yaani ungio la wima kati ya tofali na tofali katika safu moja. Maana ya kawaida ya llaga ni kidonda. Wahispania waliutazama ukuta wakaona ngozi yenye majeraha. Darasa liligawanyika pande tatu.

Upande wa kwanza ulitaka kidonda, kwa hoja ya uaminifu kwa matini chanzi. Tunaukataa. Kwa Mhispania sitiari hii imekufa zamani. Fundi wa Sevilla anaposema llaga hafikirii usaha wala bendeji. Kuitafsiri kwa kidonda ni kuifufua sitiari iliyokufa na kumpa msomaji wa Kiswahili picha ambayo msomaji wa Kihispania haioni. Huo si uaminifu.

Upande wa pili ulitaka ufa. Hili ndilo pendekezo la hatari kuliko yote, na lazima tulieleze kwa kina. Ufa katika Kiswahili ni dosari. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na maana yake ni kwamba ufa ni mwanzo wa maangamizi. Llaga si dosari. Ni sehemu ya ukuta iliyowekwa kwa makusudi na yenye kazi yake. Sasa tuchukue sentensi ya kawaida ya mwongozo wa ukarabati: kagua nyufa kabla ya kukagua maungio. Ufa unaokata matofali kwa mshazari ni dalili kwamba msingi unazama au ukuta umetikiswa, na unahitaji mtaalamu. Ungio lililomomonyoka linahitaji mota mpya tu. Tukiyaita yote mawili ufa, fundi atapaka mota juu ya ufa wa msingi, ukuta utapendeza, na wenye nyumba watalala ndani wakidhani wamepona. Istilahi moja iliyokosa usahihi inaweza kumlaza mtu chini ya kifusi.

Upande wa tatu ulitaka mwanya, na sisi tuko upande huo. Mwanya ni nafasi nyembamba kati ya vitu viwili, na katika Kiswahili mfano wake wa kwanza ni nafasi kati ya meno mawili ya mbele, ambayo wengi huihesabu kuwa pambo. Safu ya matofali inafanana na safu ya meno kuliko inavyofanana na ngozi iliyojeruhiwa. Walipoona jeraha wao, sisi tunaona tabasamu. Ilitolewa hoja kwamba mwanya ni kitu kitupu, ilhali llaga limejazwa mota. Hoja hiyo ni halali, lakini inalipiga pia neno la Kihispania, maana kidonda nacho ni uwazi. Istilahi hulitaja ungio kwa umbo lake kabla halijajazwa, na hilo linatosha.

Faida ya kuwa na ungio, tandiko na mwanya ni kwamba maneno haya matatu sasa yanafanya familia: la kwanza ni jina la jumla, mawili yanayofuata ni aina zake. Huo ndio utaratibu tunaoutafuta. Neno moja zuri lililosimama peke yake halina msaada mkubwa kwa mwandishi wa kitabu cha ufundi.

Kamba, kijinga na mfupa

Istilahi nyingine zilihusu jinsi tofali linavyolazwa. Hilada ni safu ya matofali, na hapa hatuna ugomvi. Mafundi wengi husema kozi, wanafunzi waliandika safu, na yote mawili yanaeleweka. Tunapendelea safu katika maandishi.

Soga ni tofali lililolazwa likionyesha ubavu wake, na neno lenyewe maana yake ni kamba. Tizón ni tofali lililoingia ndani ya ukuta likionyesha kichwa chake tu, na neno lenyewe maana yake ni kijinga cha moto. Picha ni nzuri ukiitafakari: kamba hukimbia kwa urefu wa ukuta, na kijinga kimesukumwa ndani kama ukuni jikoni, ncha yake ikibaki nje. Lakini mwanafunzi aliyeandika ukuta wa kamba na kijinga alituonyesha mpaka wa tafsiri ya neno kwa neno. Kijinga cha moto ni neno ambalo vijana wengi hawalijui tena, na bila maneno ya moto linasomeka kama ujinga. Hakuna fundi atakayekubali kuambiwa ajenge kijinga. Tofali la ubavu na tofali la kichwa yanasema jambo lilelile, na mtu yeyote anaweza kulionyesha kwa kidole.

A hueso, yaani kwa mfupa, husemwa pale jiwe linapokaa juu ya jiwe bila mota, au kwa mota nyembamba isiyoonekana. Hapa tulipata mapendekezo mawili ya kuridhisha: mfupa kwa mfupa, na ukavu. Tunakubali la pili kwa istilahi, yaani ukuta mkavu au kujenga kikavu. La kwanza tunawaachia washairi.

Kutomea: neno lililokuwa kabatini

Kiini cha zoezi kilikuwa rejuntado: kazi ya kukwangua mota iliyooza katika maungio na kuweka mpya. Karibu darasa zima liliandika kupiga pointi upya. Wachache waliandika maelezo marefu, kwa mfano ujazaji upya wa mota katika nafasi zilizo baina ya matofali. La kwanza ni tohozi lisilomwambia kitu yeyote ambaye hajalisikia kwa fundi. La pili ni fasili iliyojifanya istilahi. Haliwezi kunyambuliwa, haliwezi kuandikwa juu ya mchoro, na hakuna atakayelitamka mara mbili kwa siku.

Hata hivyo Kiswahili kina kitenzi cha kazi hii, na kimekuwamo kamusini tangu zamani. Ni kutomea: kuziba matundu ya ukuta wa mawe kwa udongo au chokaa pamoja na vijiwe vidogo ili uso wa ukuta ukae sawa. Neno hili lilitokana na uashi wa pwani, ambako majumba ya mawe ya matumbawe yalijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Jiwe la matumbawe halina kingo zilizonyooka kama tofali. Kila jiwe linapokaa juu ya lingine huacha matundu, na lazima mtu apite akiyajaza. Waashi wa Lamu, Mombasa na Unguja wasingeweza kufanya kazi bila kitenzi hiki.

Tulipowasomea wanafunzi fasili hiyo, pingamizi mbili zilitolewa. Ya kwanza ni kwamba sauti yake inakaribia neno la aibu, na kigezo cha kuepuka matusi kinatuonya. Tunasema kwamba kukaribiana kwa sauti si kufanana. Kiswahili kina jozi nyingi za namna hiyo na watu wazima huzitumia kila siku bila kutahayari. Cheko la darasani huisha wiki ya pili. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kutomea kunahusu vijiwe, na matofali ya Ajia hayatiwi vijiwe. Hapa tunakubali kwamba tunapanua maana. Lakini tunaipanua kwa hatua moja ndogo, ndani ya kazi ileile, ukuta uleule na kusudi lilelile. Si kama kuchukua kinu na kukipeleka ukutani.

Uzalishi wake ni ushahidi mwingine. Kutoka kutomea tunapata utomeaji, mtomeaji, ukuta uliotomewa, kutomea upya, na kitomeo kwa chuma au mpira wa kulainishia uso wa ungio, kile ambacho Wahispania hukiita llaguero, yaani kifaa cha llaga. Jaribu kuzalisha jamii hiyo kutokana na pointi.

Kuna zawadi ya ziada kwa walimu wa fasihi. Vijiwe na vipande vya matofali vinavyojazwa kwenye matundu ya ukuta huitwa ripio kwa Kihispania. Neno hilohilo ni istilahi ya ushairi: ripio ni neno lisilo na kazi lililochomekwa ili mizani itimie. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha tungo za wanafunzi anajua vijiwe hivyo, akina kweli, jamani na naamu vinavyotokea pasipo sababu kwenye silabi ya saba na ya nane. Kwa ukuta tunapendekeza vijiwe vya kutomea. Kwa shairi, mwalimu anayesema beti hizi zimetomewa atakuwa amesema kitu ambacho mpaka sasa tulikuwa tukikisema kwa sentensi nzima.

Saruji ya jana na saruji ya leo

Tuliahidi kurudi kwenye saruji. Neno hili lilitufikia kwa njia ya Kiajemi, na huko Oman sarooj ni jina la mota ya kale: udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa. Ndiyo iliyotumika katika mifereji ya falaj na ngome za nchi hiyo. Saruji ya mfukoni tunayoijua leo ni kitu kingine. Ni simenti ya Portland, ambayo hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa Joseph Aspdin. Kiswahili kilibaki na jina, kitu kikabadilika. Sasa hakuna mwanafunzi anayelisikia neno saruji akakumbuka udongo uliochomwa.

Hili si jambo la historia ya maneno tu. Matofali mengi ya West Nile huchomwa kwa kuni katika matanuri ya wazi, hivyo ni laini, na yaliyokuwa pembeni mwa tanuri hayaivi sawasawa. Nyumba nyingi hujengwa kwa udongo wa kichuguu ndani, kisha maungio ya nje hupakwa mota ya simenti kwa unene mdogo ili mvua isioshe udongo. Waashi wa ukarabati duniani kote wana kanuni moja: mota ya ungio iwe laini kuliko tofali. Maji yakiingia ukutani yanatakiwa yatokee kwenye ungio, na ungio ndilo liharibike kwanza, kwa sababu ungio hurekebishika. Mota ngumu ya simenti huyazuia maji yasitoke hapo. Maji hutafuta njia kupitia tofali, na baada ya miaka uso wa tofali humeguka huku mota ikibaki imechomoza kama fremu tupu.

Sasa tumwazie mwanafunzi aliyetafsiri mortero kwa saruji. Sentensi ya Kihispania ilisema maungio yajazwe mota laini. Sentensi yake ya Kiswahili inasema yajazwe saruji. Mwenye nyumba wa Ajia atauza mbuzi anunue mfuko wa simenti, atautumia wote kwa sababu kitabu kimesema hivyo, na atakuwa amelipia uharibifu wa ukuta wake. Mfasiri hatakuwapo siku hiyo.

Jaribio la aya moja

Istilahi haithibitishwi na orodha. Inathibitishwa na aya. Hivyo tuliandika maelekezo mafupi tukitumia maneno tuliyoyateua, na tunayaweka hapa ili wasomaji wayapime:

Kagua ukuta kwanza. Ukiona ufa unaokata matofali, usiutomee, mwite mtaalamu. Kama maungio peke yake ndiyo yaliyolika, kwangua mota iliyooza katika tandiko na katika mwanya hadi kina cha milimita 20 au 25, bila kuvunja kingo za tofali. Ondoa vumbi kwa brashi. Lowesha maungio ili tofali lisinywe maji ya mota mpya. Tayarisha mota chotara ya sehemu moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga. Anza na mianya, kisha matandiko, ukishindilia kidogo kidogo. Mota ikianza kushika, pitisha kitomeo. Funika ukuta uliotomewa kwa magunia mabichi usikaushwe na jua.

Tunaamini kwamba fundi anayejua Kiswahili cha kawaida ataielewa aya hii baada ya kuelezwa maneno mawili, kutomea na mwanya. Aya hiyohiyo yenye pointi, ufa na saruji ingekuwa fupi zaidi kujifunza, na yenye hasara zaidi kutekeleza.

Ndugu waliopoteana

Hatuwezi kuacha jambo moja lililowasisimua wanafunzi wa Koboko. Hispania ilikuwa chini ya tawala za Kiislamu, kwa sehemu kubwa au ndogo, kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na lugha yake ya ujenzi imejaa Kiarabu. Mwashi ni albañil, kutokana na neno la Kiarabu la mjenzi. Mzizi huohuo ndio uliotupa sisi kitenzi kubuni. Wao wakabaki na mjenga ukuta, sisi tukabaki na mtunga hadithi na muunda istilahi. Mkuu wa ujenzi aliitwa alarife, na jamaa zake katika Kiswahili ni maarifa, arifu na taarifa. Tofali bichi ni adobe, kutokana na neno la Kiarabu ambalo katika Kiarabu cha Sudan bado ni tub. Mwanafunzi aliyekulia karibu na mpaka wa Oraba, ambako Kiarabu cha Juba husikika kila siku ya soko, alilitambua neno la Kihispania kabla ya mwalimu kulieleza.

Hapa ndipo tunapoona nafasi ya Kiswahili katika eneo letu. Fundi wa Arua anaweza kufanya kazi Ariwara upande wa Kongo mwezi huu na Yei mwezi ujao. Katika makazi ya wakimbizi ya Lobule wilayani Koboko wapo Wakongo wanaojenga pamoja na wenyeji Wakakwa. Waliofunzwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu wanakutana kwenye jukwaa moja la ujenzi, na lugha wanayoweza kukutania ni Kiswahili. Kwa muda mrefu wazee wa hapa walikijua Kiswahili kama lugha ya kambi na ya amri, na tangazo la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuwaondolea hofu hiyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria zipo. Lakini mzazi wa Ajia atakiamini Kiswahili pale kitakapomsaidia kupatana na fundi bei ya kutomea nyumba yake.

Hitimisho

Kutokana na zoezi hili tunatoa mapendekezo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, kozi ya tafsiri iwe na angalau kazi moja ya istilahi za ufundi kila muhula, na mwanafunzi asisahihishwe kabla hajazungumza na mwenye ufundi huo. Pili, kabla ya kutohoa, mwanafunzi afungue kamusi za Kiswahili, hasa za zamani, maana kutomea si neno pekee lililosahauliwa humo. Tatu, kila istilahi iliyopendekezwa ipimwe ndani ya aya ya maelekezo ambayo mtu anaweza kuifuata kwa mikono.

Kwa manufaa ya wasomaji, mapendekezo yetu ni haya: mortero, mota, mortero bastardo, mota chotara, hilada, safu, junta, ungio, tendel, tandiko, llaga, mwanya, soga, tofali la ubavu, tizón, tofali la kichwa, a hueso, kikavu, ripio, vijiwe vya kutomea, rejuntado, utomeaji upya, llaguero, kitomeo.

Tunawaalika wasomaji, hasa wale wenye jamaa waashi, kutuletea maneno wanayoyatumia mafundi wa kwao kwa vitu hivi. Tutayachapisha katika toleo lijalo, hata yale yatakayoyapindua haya yetu.